Sura ya Sita: Viungo vya Maneno, Hukumu za Jumla na Mashairi

Katika shule za sekondari za pande za Kanja, ambako ardhi ya Embu huanza kupanda kutoka kwenye kahawa kuelekea kwenye chai na msitu wa mlima Kenya, mwanafunzi mpya huwa tayari amebeba lugha tatu: Kiembu cha nyumbani, au Kimeru ikiwa jamaa zake walivuka mto Thuci kutoka ng'ambo, Kiswahili cha sokoni na cha ndani ya matatu, na Kiingereza cha darasani, ambacho aghalabu hukisikia kwa mwalimu peke yake na kuachana nacho langoni saa za jioni. Lugha hii ya tatu, iliyo changa kuliko zote katika nafsi yake, ndiyo anayotakiwa aitumie kueleza sababu za mmomonyoko wa udongo, kutetea rai yake katika historia, na kuthibitisha natija ya jaribio la kemia. Na kwa kuwa hupimwa kwa lile aliloweza kuliandika, wala si kwa yote ayajuayo, udhaifu mdogo katika kuunganisha sentensi moja na nyingine huonekana kwa msahihishaji kuwa ni udhaifu wa akili, jambo ambalo ni dhuluma kwa watoto wengi walio timamu wa fikira.

Nataka kusema katika sura hii kwamba viunganishi, kauli za jumla na uhakiki wa mashairi, ambavyo katika shule zetu hufundishwa kana kwamba havijuani, ni ilimu moja. Kiunganishi hutaja uhusiano uliopo baina ya jambo na jambo. Kauli ya jumla huamua uhusiano huo umeenea kadiri gani. Na shairi, kwa desturi yake ya kunyamaza pale nathari inaposema, huuficha uhusiano huo na kumtaka msomaji autafute mwenyewe. Mwalimu akivitenga vitatu hivi, cha kwanza huwa orodha ya kukaririwa, cha pili huwa porojo, na cha tatu huwa adhabu.

Utengano huu haukukusudiwa na waliotunga mtaala. Mnamo Oktoba 1968 walimu watatu wa chuo kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kutaka idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pakae idara itakayoiweka fasihi ya Afrika katikati. Na mwaka 1974 walimu na wahadhiri walikutana katika shule ya Nairobi kushauriana jinsi fasihi hiyo itakavyofika sekondari. Kisha, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, lugha na fasihi ziliunganishwa kuwa somo moja, kwa tamaa kwamba mtoto angeikuta sarufi ikifanya kazi ndani ya hadithi na shairi. Tamaa hiyo ilikuwa njema. Lakini KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, umeigawa tena elimu iliyokuwa imeunganishwa: mapengo kumi ya kujaza, yenye alama 10, yamewekwa katika karatasi ya kwanza, shairi au simulizi, alama 20, na sarufi, alama 15, vimewekwa katika karatasi ya pili, kila kimoja katika swali lake, na mwalimu mwenye kipindi cha dakika 40, darasa lililojaa, na mkuu wa shule anayengoja wastani wa alama, hufundisha jinsi mtihani ulivyokatwa. Simlaumu. Namwombea wasaa tu, na katika kurasa hizi namwonyesha mahali ambapo wasaa huo waweza kupatikana.

Tuanze na viunganishi. Karibu kila darasa lina karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, yenye safu za maneno ya Kiingereza: haya ya kuongeza, haya ya kupinga, haya ya sababu, haya ya matokeo. Mtoto huyakariri, na insha ifuatayo hujaa "moreover" na "therefore" zilizopachikwa mahali ambapo hakuna kilichoongezwa wala kilichotokea. Kosa hili lina asili yake, nayo yafaa mwalimu aijue. Lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo, hubeba sehemu kubwa ya uhusiano wa matendo ndani ya kitenzi chenyewe: msimulizi husema mtu aliamka, akanawa, akatoka, akapanda gari, na ile "ka" yatosha kutuarifu kwamba mambo yalifuatana, hata pasiwepo neno jingine la kuyashika. Mtoto aliyelelewa na usimulizi huo, ambao ni mzuri na wa haraka, akiingia katika Kiingereza hutafuta kitu cha kufanya kazi ya "ka", asikipate katika kitenzi, ndipo anapoandika "then" mwanzoni mwa kila sentensi tangu baba alipobeba gunia la kahawa hadi lilipopimwa kiwandani. Msahihishaji hupiga mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba neno limerudiwa. Lakini mtoto haelewi, kwa maana katika masikio yake hakurudia neno, alisimulia.

Kosa la pili ni jamaa wa hilo. Katika Kiswahili tunaweza kusema, bila ya kulaumiwa na yeyote, kwamba ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda. Kiungo kimoja hutangulia kutoa tahadhari, na cha pili hupokea. Kiingereza hakivumilii viungo viwili kwa mzigo mmoja: "although" ikishatajwa, "but" haina nafasi. Ukimwambia mwanafunzi kwamba hili ni kosa tu, atalirudia wiki ijayo. Ukimwonyesha kwamba lugha yake ina desturi moja na Kiingereza kina desturi nyingine, atalikumbuka, kwani umeiheshimu lugha yake kabla ya kumfundisha ya wengine. Wala hapana aibu yoyote katika kujifunza viungo vya kigeni. Kiswahili chenyewe, kilipokuwa kikikua katika miji ya pwani, kilichukua kutoka Kiarabu lakini, na bali, na ila, na wala, na au, na ama, na hata neno sababu, kikavifanya vyake kabisa hata leo hapana mkulima wa Embu anayehisi kwamba akisema "lakini" ametamka neno la ng'ambo ya bahari.

Ipo njia moja ambayo nimeiona ikifanya kazi zaidi kuliko orodha ya ukutani. Mwalimu huandika ubaoni sentensi mbili za Kiingereza, zisizo na kiungo: mvua ya Aprili haikunyesha, mjomba wangu hakumuuza ng'ombe wake. Huwaambia wanafunzi waziunganishe, kisha, na hapa ndipo pana siri ya zoezi, kila aliyeunganisha amweleze huyo mjomba ni mtu wa namna gani. Aliyetumia "but" huona kwamba ukame ulipasa kumlazimisha mjomba kuuza, naye hakuuza. Basi mjomba ana akiba mahali, au ana kiburi, au ng'ombe huyo ni wa mahari. Aliyetumia "so" huwa na mjomba mwingine kabisa: ukame umewakondesha ng'ombe wote, bei imeanguka, na mzee ameona heri angoje. Na aliyeiweka "because" mahali pasipo pake, akaandika kwamba mvua haikunyesha kwa sababu mjomba hakuuza ng'ombe, hujikuta amemfanya mjomba kuwa chanzo cha ukame wa wilaya nzima. Darasa hucheka, naye hucheka nalo, na tangu siku hiyo hulitazama neno lile kwa hadhari. Wanafunzi hutambua wenyewe kwamba kiungo ni ahadi anayotoa mwandishi: anayesema "kwa hiyo" amejifunga kwamba la pili limetokana na la kwanza, na msomaji ana haki ya kumdai ushahidi.

Kutoka hapo hadi kwenye kauli za jumla ni hatua fupi, ingawa vitabu vingi huziweka mbali. Kiswahili kina alama bayana ya jambo la kawaida na la siku zote, nayo ni "hu": kahawa huchumwa, wazee huketi, watoto hucheza. Kiingereza hakina alama ya namna hiyo. Husema jambo la jumla kwa kitenzi cha wakati uliopo kisicho na pambo, na kwa nomino ya wingi isiyotanguliwa na kijineno "the", jambo ambalo ni gumu kwa wasemaji wa lugha zisizo na kijineno hicho, na lugha zetu ni katika hizo. Mtoto akiandika "teachers are strict" amewahukumu walimu wa dunia nzima. Akiandika "the teachers are strict" amewataja wale anaowafahamu, labda wa shule yake. Herufi tatu zimebadilisha mashtaka. Nimewaona wanafunzi wakikaa kimya kwa muda wanapotambua kwamba katika insha ya ukurasa mmoja wamewahukumu wanawake wote, matajiri wote na vijana wote wa mjini, ilhali walikusudia kumsema jirani mmoja.

Na katika Embu mfano wa kufundishia jambo hili uliletwa na siasa yenyewe. Mnamo Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alitoa amri ya kuzuia muguka, majani ya kutafunwa, usiingizwe wala kuuzwa katika kaunti yake, kwa hoja kwamba unaharibu vijana. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Mahakama Kuu iliyoketi Embu ikasimamisha amri hiyo. Na rais akasema kwamba makatazo hayo hayana nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya nchi. Muguka hulimwa zaidi katika nchi kavu ya Mbeere, chini ya nchi ya kahawa, na familia nyingi za huko hulipia karo kwa majani hayo. Kwa muda wa majuma kadhaa kila mtu katika matatu ya Embu alikuwa na kauli ya jumla mdomoni. Muguka huharibu vijana, walisema wa pwani. Muguka husomesha watoto, walisema wa bara. Na katika joto la maneno zilizuka kauli mbaya zaidi, za kabila hili kuwa vivu na kabila lile kuwa na tamaa, ambazo sitaziandika hapa.

Mwalimu mwenye busara huchukua kauli mbili za kwanza, huziandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha huwauliza wanafunzi wa Kanja, ambao huenda binamu zao wanaishi kwa zao hilo: vijana gani? Wangapi? Wa wapi? Kwa kutafuna kiasi gani? Umewaona, ama umesimuliwa? Kila jibu huleta neno la kupunguza ukali: "many", "some", "often", "may", "in my village". Sentensi huanza kuwa ndefu kidogo na kweli zaidi. Kisha hutaka kauli zote mbili ziwekwe katika sentensi moja kwa msaada wa kiungo, na hapo darasa hugundua kwamba anayeanza na "although" akataja madhara, akamalizia na karo, ameegemea upande wa mkulima. Na anayeanza na karo akamalizia na madhara, ameegemea upande wa mzazi wa Mombasa. Ukweli uliotajwa ni uleule, lakini mpangilio umetoa hukumu. Kijana aliyeliona hili mara moja hatalisoma tena gazeti kwa macho yaleyale, na naamini kwamba kumfundisha hivyo ni kumpa hifadhi kubwa dhidi ya wachochezi kuliko mahubiri mengi ya amani.

Methali nazo ni kauli za jumla, na haidhuru kuzihoji kwa heshima. Mtoto wa nyoka ni nyoka, twasema. Lakini mwalimu aweza kuuliza methali hii imetumiwa mara ngapi kumnyima mtoto wa mlevi nafasi ya kuonyesha kwamba yeye si mlevi.

Sasa nifike kwenye shairi, ambalo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Uhakiki wa mashairi katika shule zetu umekuwa msako wa istilahi: mwanafunzi hufundishwa kuwinda takriri, tashbihi, istiari na kinaya, kuzitaja mbili, kuzitolea mfano, na kwenda zake. Anaweza kupata alama zote bila ya kuguswa na lolote. Tiba ninayoipendekeza ni kulisoma shairi kwa kufuata viungo vyake na hukumu zake, na mfano mwema kuliko yote ninayoyajua ni shairi liitwalo "A Freedom Song", la Marjorie Oludhe Macgoye, mwanamke aliyezaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akafika Kenya mwaka 1954, akaolewa na Mjaluo, akawa raia wa nchi hii, akaiandikia hadi alipofariki mwaka 2015. Beti zake ni fupi, lugha yake ni ya mtoto wa shule, na kila ubeti hufungwa kwa kuliita jina la msichana mmoja, Atieno, ambaye ana umri wa miaka minane shairi linapoanza, na ambaye hufanya kazi za nyumba ya mjomba wake.

Mwandishi ni Macgoye, lakini nafsi inayonena ni mjomba. Mwanafunzi akilijua hilo peke yake, nusu ya kazi imekwisha. Sasa mwambie aangalie viungo. Katika ubeti wa kwanza hakuna hata kimoja cha sababu. Ni orodha ya kazi tu, sahani, kuku, kuamka alfajiri, malazi ya jikoni. Ubeti wa pili hufunguliwa kwa kiungo cha sababu, "since", na sababu inayotolewa ni undugu: kwa kuwa msichana ni mtoto wa dada yake, mjomba haoni haja ya kumlipa. Hebu darasa lisimame hapo. Kisarufi sentensi ni sahihi kabisa. Kiungo kiko mahali pake. Koma na vitenzi havina dosari. Lakini undugu, ambao kwetu ni sababu ya kumtunza mtoto, umegeuzwa kuwa sababu ya kumdhulumu, na kiungo kimelibeba lile geuzo kwa upole hata msomaji mwenye haraka hupita asilione. Kinaya ambacho mwanafunzi alikuwa akikikariri kama jina sasa amekikamata mkononi.

Miaka hupita katika beti zinazofuata. Mjomba hujisifu kwa ada za chama anazolipa na kwa maendeleo. Msichana hukaribia miaka 14, hupata mimba, huzaa. Na hapo mjomba hutumia kiungo cha natija, "so": kutokana na uzazi ule hutoa hukumu juu ya tabia ya msichana, na kuitoa kwa nafsi ya wingi, kana kwamba jamii nzima imekwisha kukaa baraza na kukata shauri. Hili ni lile kosa la mantiki tulilolikamata katika zoezi la mjomba na ng'ombe, na ni ile kauli ya jumla isiyo na ushahidi tuliyoihoji katika habari ya muguka. Isipokuwa hapa linamfuata mtoto hadi kaburini. Mwanafunzi akiulizwa natija hiyo imetokana na nini, na nani aliyepaswa kuhojiwa kabla yake, hatahitaji kuambiwa kwamba shairi ni la huzuni.

Kisha Atieno hufa kwa kutokwa damu baada ya uzazi, na mshairi huacha kuunganisha. Kifo, msichana mwingine kuletwa mahali pake, nyama na sukari za matanga zinazozidi vyote alivyopata kula akiwa hai, vimewekwa kando kwa kando pasipo na "kwa hiyo" wala "ijapokuwa". Kazi ya kuunganisha ameachiwa mtoto aketiye kwenye dawati. Mpe dakika tano na kipande cha karatasi, mtake aandike kwa nathari ya Kiingereza kile ambacho shairi limekinyamazia, akichagua viungo vyake mwenyewe, na utasoma mambo ambayo maswali ya tamathali hayakupata kuyatoa kwake. Wapo wanafunzi wanaoyajua maisha hayo kwa karibu, kwa kuwa katika nchi za juu na za chini pia watoto wa kike hupelekwa kwa jamaa kusaidia kazi. Mwalimu asimtake mtoto yeyote asimulie ya kwao mbele ya wenzake, wala asisome karatasi kwa sauti bila ya idhini. Katika mambo haya adabu hutangulia somo.

Yafaa pia shairi lisomwe kwa sauti kabla ya kuchambuliwa, na mara ya pili likishachambuliwa. Jirani yetu Micere Githae Mugo, aliyezaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942, na ambaye diwani yake "Daughter of My People, Sing" ilitoka mwaka 1976, aliitetea maisha yake yote fasihi ya mdomo na haki ya wasikilizaji kuitikia. Darasa la Kanja likiitikia jina la Atieno mwishoni mwa kila ubeti, kwa sauti inayopungua kadiri shairi linavyokwenda, litakuwa limejifunza mengi zaidi kuhusu kibwagizo kuliko fasili yoyote ya kitabuni.

Nina hofu moja juu ya wakati ujao, nami naitamka waziwazi. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na tangu Januari 2026 shule zimepokea gredi ya kumi ya mfumo mpya, ambapo kila mwanafunzi huchagua moja kati ya njia tatu: sayansi na hisabati pamoja na uhandisi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kiingereza kimebaki cha lazima kwa wote, lakini fasihi ya Kiingereza imesimama peke yake, somo la hiari katika njia ya sayansi za jamii. Kile kilichounganishwa miaka ya 1980 kimefunguliwa tena, na yaweza kutokea shule ikadhani kwamba viunganishi ni vya kila mtu na mashairi ni ya wachache wenye kuyapenda. Mwalimu wa Kanja aliyepewa darasa la wanasayansi ana haki, na kwa rai yangu ana wajibu, wa kuliingiza shairi lile katika kipindi chake cha viunganishi, asingoje ruhusa ya mtu. Amuulize kijana anayetaka kuwa daktari Atieno alikufa kwa nini, na kijana akijibu kwamba ni kwa sababu ya kutokwa damu, jibu ambalo daktari yeyote angeliandika katika cheti, amrudishe kwenye ubeti wa kwanza na kumtaka aandike sentensi nyingine ya Kiingereza, yenye "because" moja tu, ambayo yuko tayari kuitetea mbele ya darasa zima.